Seva mpya zifungwe kabla ya mnada, si siku ya mnada

MKULIMA wa Mkongo, wilayani Rufiji, anapofikisha gunia la ufuta au korosho kwenye ghala la chama cha msingi, macho yake huwa kwenye mizani na stakabadhi. Hivyo viwili anaweza kuvikagua mwenyewe. Kitu cha tatu hakioni, nacho ni kompyuta zinazobeba mnada. Tangu mwaka 2024 mazao haya yanauzwa kwa mnada wa mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), lililozinduliwa mwaka 2015. Malipo mengi ya serikali nayo hufanywa kwa kumbukumbu namba, kupitia mfumo wa GePG ulioanza mwaka 2017.

Mifumo ya aina hii hukaa kwenye kompyuta kubwa ziitwazo seva. Siku hizi taasisi nyingi hazitengi seva moja kwa kazi moja. Huunganisha seva nyingi zikawa kama kitu kimoja, na mpangilio huo huitwa wingu. Likiwa la taasisi moja peke yake ni wingu binafsi. Ni kama vibarua kumi katika shamba moja: mmoja akiugua, mwenzake anachukua mstari wake na palizi inaendelea.

Kazi ikizidi, jibu linalokuja haraka ni kuongeza kibarua wa kumi na moja, na hapo ndipo penye hatari. Wingu hugawa kazi lenyewe, na mara nyingi hupeleka kazi mpya kwenye seva yenye nafasi kubwa. Seva yenye nafasi kubwa kuliko zote ni hiyo mgeni iliyofungwa leo. Ikiwa na kumbukumbu mbovu, au waya wa mtandao umechomekwa pasipo pake, itapokea kila kazi mpya na kuiangusha. Inapoangusha inabaki tupu, kwa hiyo inapelekewa nyingine. Seva kumi nzima zimekaa pembeni, na mnunuzi anayetaka kuweka bei anaambiwa ajaribu tena baadaye.

Kwa hiyo mafundi makini huifunga seva mpya, wakaiwasha, lakini wakaizuia isipewe kazi. Huitwisha mzigo wa majaribio siku kadhaa mfululizo, kwani vifaa vingi vibovu hujionyesha mwanzoni. Huhakikisha programu zake ni za toleo lile lile la wenzake, saa yake inakwenda sawa na yao, na nywila ya kiwandani imebadilishwa. Huangalia pia kizazi cha kichakato chake. Kazi iliyoanzia kwenye seva ya kisasa huweza kukataa kuhamia kwenye ya zamani, na bila kuhama wingu halina maana. Baada ya hapo hupewa kazi ndogo isiyo na madhara, kisha nyingine. Huingizwa moja moja, na njia ya kuitoa huwa imejaribiwa kabla.

Seva za kuhifadhi data zina matata yake. Zikiongezwa, data za zamani huanza kuhamia kwao ili mzigo ulingane, na msafara huo huweza kuziba mtandao wa ndani kwa saa nyingi. Kufanya hivyo asubuhi ya mnada ni kuchimba barabara siku ya gulio.

Watu wa Rufiji wameona mfano jirani. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024 na kazi ikakamilika mwaka 2025. Haikuwashwa yote kwa mara moja, na hakuna mtambo unaounganishwa na gridi kabla mzunguko wake haujawiana na wa gridi.

Seva peke yake haitoshi, bila shaka. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini hata kwa wenye seva za kutosha. Lakini waya wa baharini hauko mikononi mwa fundi. Siku ya kufunga seva iko mikononi mwake, au ingepaswa kuwa.

Tatizo liko kwenye kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai. Zabuni ikitangazwa, mzabuni akapatikana na mizigo ikapita bandarini, maboksi yanaweza kufika Oktoba, mnada wa korosho ukiwa umeanza. Wakubwa wanataka yafunguliwe yatumike. Mnada ukikwama, zao linabaki ghalani, mkulima anangoja fedha za ada ya shule, na mwenye duka Mkongo anaongeza kurasa kwenye daftari la madeni.

Viongozi wa ushirika hawana haja ya kujua kompyuta ili kuuliza maswali matatu kabla ya msimu: seva mpya ziliingizwa lini, zilijaribiwa siku ngapi, na ikikorofisha moja inatolewa kwa muda gani? Maboksi yakifika Oktoba, zifungwe, ziwashwe na ziachwe bila kazi hadi Februari. Kuanzia hapo hadi ufuta uanze kuingia ghalani Mei, kuna nafasi ya kuziingiza moja moja.