Kiingilio kimepanda, jirani wa ndovu hayumo kwenye hesabu

Tangu vitangazwe viingilio vipya vya mbuga na hifadhi zinazosimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), vilivyopangwa kuanza 1 Oktoba 2025, ugomvi umekuwa wa pande mbili. Wenye kampuni za utalii wanalalamika kwamba walikwisha kuuza safari kwa bei ya zamani. KWS nayo inajibu kwamba bei hizo hazikuguswa kwa karibu miaka 18. Mwananchi aliyekuwa akilipa shilingi 430 kuingia Mbuga ya Nairobi ameambiwa atoe 1,000. Wa Amboseli na Ziwa Nakuru, aliyezoea 860, ameambiwa 1,500. Watu wamepigia kelele tarakimu hizo redioni, magazetini na kwenye simu mpaka masikio yakauma.

Mimi ni mtu wa huku Kwale na kelele hizo zimenichosha, kwa sababu katika pande zote mbili sijasikia anayemtaja mkulima anayepakana na ndovu. Kwa hiyo msimamo wangu nautoa mapema: kupandisha kiingilio bila kuandika fungu la jirani ndani ya kanuni zilezile ni dhuluma, hata kama bei yenyewe ni halali. Na katika hifadhi ndogo iliyobanwa na mashamba kila upande kama Shimba Hills, ni upumbavu pia.

Kwa asiyeifahamu, Shimba Hills ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na kabla ya hapo ilikuwa msitu wa serikali tangu 1903. Ukitoka Diani unapitia Ukunda na Tiwi, unakata kushoto Kombani, unapanda mlima hadi mji wa Kwale, na lango liko mbele kidogo. Ndani kuna palahala, swala mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye nchi nzima ya Kenya haina kundi lake jingine la kutegemewa. Kuna maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa mita 21, ambayo watu huyafuata kwa miguu wakisindikizwa na askari mwenye bunduki. Kuna vilele ambavyo ukisimama juu yake asubuhi unaiona bahari yote ya kusini. Na kuna chemchemi za Marere, ambazo kwa miaka mingi zimepeleka maji Mombasa. Hata maji ya Shimba, kwa maneno mengine, yamezoea kuteremka kwenda kunufaisha wengine.

Ndiyo maana wageni wa pwani hupenda kupanda huko na watoto wao kwa usiku mmoja katikati ya likizo ya ufuoni. Hakuna safari ndefu ya gari kwenda Tsavo, na mtoto hachoki njiani. Kulala msituni kwenye hoteli ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, mbele ya dimbwi, ni raha ambayo mtoto haisahau. Jioni komba hushuka kwenye reli za baraza akiwa na macho makubwa kama vifungo vya koti. Wahudumu huzima taa nyingi, wazazi huambiwa wanyamaze, na ndovu anapojitokeza kutoka gizani kuja kunywa, watoto hushikana mikono. Anayesema jambo hilo si zuri hajalishuhudia. Sina ugomvi na familia hiyo wala na hoteli inayoipokea.

Lakini ndovu huyo huyo akishakunywa hana sababu ya kukaa pale hadi asubuhi. Zipo sehemu za uzio wa umeme zilizolala, na ndovu si mjinga, anazijua. Msimu wa mahindi anavuka kwenda vijiji vya Lukore, Mkongani au Msulwa, na huko kuna familia nyingine iliyokesha. Baba yuko juu ya dungu na tochi. Mama na wanawe wako chini na debe la kupiga. Kamba iliyopakwa oili chafu na pilipili ya kusaga imezungushwa shambani, na mvua ya jana imeshaiosha. Ndovu watatu wakiingia kwenye ekari moja ya mahindi yaliyoanza kubeba, kufikia alfajiri hakuna cha kuvuna. Wakigeukia minazi michanga, wanakula moyo wa mti na mti ndio umekufa. Asubuhi mtoto wa nyumba hiyo anakwenda shule amechelewa, kwa sababu njia ya mkato inapita kichakani na hakuna anayejua ndovu wamelala wapi. Pesa za hoteli hazijawahi kufika kwenye familia hii.

Nitende haki kwa wanaotetea bei mpya. Kulinda wanyama ni ghali: mafuta ya gari, ndege, mishahara ya askari wanaokabiliana na majangili. Serikali haijazi pengo lote, na mgeni aliyelipa mamilioni kwa likizo yake hawezi kushindwa na dola chache zaidi langoni. Kweli. Wenye hoteli nao wana hoja yao, kwamba mteja akipandishiwa bei ghafla anakwenda Tanzania. Pengine. Na wapo wanaosema mwananchi wa kawaida atafungiwa nje ya mbuga zake mwenyewe. Hoja hiyo nayo ina uzito, ila familia nyingi za Kwale hazikuwa zikiingia hata kwa bei ya zamani, kwa kukosa gari na kukosa sababu. Ndovu wao wanamwona bure.

Tuje kwenye fungu.

Leo hulipi noti langoni Shimba Hills. Unalipa kwa simu, kupitia eCitizen, na pesa hizo zinatua kwenye hazina ya taasisi ya kitaifa kabla gari lako halijavuka kizuizi. Hazipiti Kwale hata kwa sekunde moja. Shimba Hills inaitwa hifadhi ya taifa kama Maasai Mara inavyoitwa, lakini ya Mara inaendeshwa na Kaunti ya Narok na mapato yake ni ya Narok, ilhali hii yetu inaendeshwa na KWS. Kajiado nao walipiga kelele miaka na mikaka kuhusu Amboseli, na mwaka 2023 Rais William Ruto akaahidi kuirudisha kwa kaunti. Kwale tumekaa kimya. Wabunge wetu wako hodari sana kwenye mazishi.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yenyewe haikulisahau jambo hili kabisa. Katika jedwali la mipango ya usimamizi inazungumzia angalau asilimia 5 ya manufaa ya mbuga za taifa iende kwa jamii jirani. Asilimia yenyewe ni kidogo, imefichwa nyuma ya sheria, na inataja mbuga ilhali Shimba Hills imeandikishwa kama hifadhi. Hapo ndipo pa kupeleka kalamu wakati wa kuandika kanuni mpya za ada. Kalamu ilipelekwa kwenye tarakimu za kiingilio tu.

Jirani akiuliza chake, huambiwa kuna fidia. Tuitazame hiyo fidia. Sheria inataja shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Ukizisoma utadhani jirani wa ndovu ni tajiri mtarajiwa. Fuata sasa karatasi moja ya mahindi yaliyoliwa. Mkulima anaripoti kwa KWS. Afisa wa kilimo anatakiwa kuja kukadiria hasara, na siku anayofika mabua yaliyosalia yameshaliwa na ng'ombe. Fomu inajazwa, inakwenda kwa kamati ya kaunti, na kamati hukaa inapopata posho ya kukaa. Ikipitishwa inapanda Nairobi kwa wizara. Huko inasubiri bajeti. Madai ya nchi nzima yamerundikana kwa miaka, na wakati mwingine hundi hutolewa kwa mafungu kwenye mikutano ya hadhara, mbele ya kamera, na mjane anatakiwa ashukuru. Halafu kumbuka fidia ni malipo ya hasara. Hata ikilipwa yote, kwa wakati, mkulima anarudi pale alipokuwa kabla ndovu hajaja. Hajafaidi chochote kwa kuishi naye. Anayelinganisha fidia na mgawo wa mapato ama haelewi hesabu ama anatuona sisi hatuelewi.

Na tusiambiwe pesa hakuna. Mwaka 2005 ilipoonekana ndovu wa Shimba wamezidi, serikali ilipanga kuwahamisha 400 kwenda Tsavo Mashariki, mradi uliotajwa kugharimu dola milioni 3.2. Walihamishwa 150. Walidungwa sindano za usingizi, wakafungwa minyororo, wakapakiwa kwenye malori makubwa. Baadhi yao walirudi. Pesa za kumbeba ndovu zilipatikana, na dawa na winchi vikapatikana. Za kumfanya jirani awe na sababu ya kumvumilia ndizo zinazohitaji utafiti zaidi.

Jambo hili la kugawana mapato limewahi kujaribiwa papa hapa, hatuhitaji kulitoa Ulaya. Kaskazini ya Shimba Hills, katika miaka ya 1990, Wadigo na Waduruma wa Golini na Mwaluganje waliunganisha mashamba yao, mengine yakiwa na mikorosho, wakaacha kulima na kuyafanya njia na makao ya ndovu. Wakaunda kampuni. Mgeni alilipa langoni, na mwenye ekari akapata gawio kwa ekari zake. Hata kinyesi cha ndovu kiligeuzwa karatasi na kuuzwa. Kwa miaka kadhaa mkulima wa Mwaluganje alikuwa na hesabu mkononi: ndovu hai ana faida hii, shamba lingekuwa na faida ile. Aliamua mwenyewe. Kisha ukaja mwaka 2008 na fujo za uchaguzi, na 2014 Uingereza ikawaonya raia wake dhidi ya Mombasa hadi ndege zikaja kuwachukua watalii. Gawio likapungua. Hapo ndipo watu wa semina hupenda kusema, mnaona, mgawo haufanyi kazi. Mgawo ulifanya kazi. Kilichokosekana ni ukubwa: lango moja dogo, lililosimama peke yake kando ya hifadhi ambayo mapato yake yanapita juu ya vichwa vya watu hao hao, lilitarajiwa kubeba mzigo wa ndovu wa mfumo mzima. Lango la Shimba Hills lingechangia, hata sehemu ndogo tu, Mwaluganje lingekuwa na mto wa kulalia wakati wa ukame.

Uganda wameliandika fungu la jirani. Sheria yao inaitaka mamlaka ya wanyamapori itoe asilimia 20 ya viingilio kwa serikali za mitaa zinazopakana na mbuga, kwa ajili ya majirani. Kwenye kibali cha sokwe wa milimani hutengwa dola 10 juu yake. Rwanda walianza na asilimia 5, mwaka 2017 wakapandisha hadi 10. Mifumo hiyo ina kasoro zake, kuna ucheleweshaji na kuna wajanja. Lakini mkulima anayepakana na mbuga ya Bwindi, Uganda, anaweza kwenda ofisini na kudai kitu chenye tarakimu. Wa Mkongani atadai nini? Anaweza kuomba. Atajengewa darasa au atachimbiwa kisima mwaka ambao mkubwa fulani ameona vyema, na kitapakwa rangi na kuzinduliwa. Kisima cha hisani hakina tarehe ya kudaiwa, na mwaka unaofuata kisipokuja huna pa kwenda kushtaki.

Hapa atanyanyuka mtu wa Msambweni aniambie habari ya titaniamu, na ana haki. Sheria ya Madini ya 2016 iligawanya mrabaha wazi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Kampuni ya Base Titanium ilichimba Maumba na Nguluku, huku kwetu Kwale, ikafunga mgodi mwishoni mwa 2024, na kwa miaka watu walikuwa bado wanafuata ile asilimia 10 yao. Kwa hiyo kuandika peke yake hakutoshi. Nakubali. Ila tazama walichokuwa nacho watu wa madini na sisi wa ndovu hatuna: tarakimu iliyomo kwenye sheria, ambayo seneta angeweza kuisoma Bungeni na wakili angeweza kuipeleka mahakamani. Somo la titaniamu ni kwamba fungu liandikwe pamoja na akaunti yake na siku yake ya kulipwa. Kuna watu wanaolitumia kama sababu ya kutoandika fungu lolote, na kwa hao sina tena subira. Mtu aliyecheleweshewa mshahara hashauriwi aache kusaini mkataba.

Kwa Shimba Hills kazi ni nyepesi kuliko kwa madini, kwa sababu malipo yote yameshakuwa ya kidijitali. Mfumo unaojua kutofautisha raia, mkazi na mgeni, mtoto na mtu mzima, na kuwatoza bei tofauti papo hapo, unaweza kukata asilimia ya kila tiketi na kuipeleka kwenye akaunti ya jamii siku hiyo hiyo. Kata zinazopakana na hifadhi zinajulikana. Kumbukumbu za uharibifu wa mashamba ziko ofisi za KWS Kwale, kijiji kwa kijiji, na zinaweza kuwa kigezo cha nani apate zaidi. Kaunti ambayo kwa miaka imelipia karo watoto wake kupitia mpango wa Elimu ni Sasa haiwezi kusema haijui kugawa pesa za umma kwa familia.

Kinachohitajika ni kifungu kimoja kwenye kanuni za waziri, nacho hakitaongeza hata shilingi kwa mgeni wa Diani. Bunge la Kaunti ya Kwale linaweza kupitisha hoja ya kukidai wiki hii likitaka, na seneta akaipeleka Nairobi kabla mahindi ya msimu ujao hayajapandwa.