Kabla Hujamwambia Mteja "Tuma Tena", Angalia Waya

Ukitumia kompyuta kupokea malipo dukani, tunakuomba kitu kimoja: usimwambie mteja atume tena ati kwa sababu skrini haijaonyesha kitu. Mara nyingi pesa imeshaingia, ila kompyuta haijapata habari. Akituma tena amelipa mara mbili, na hapo sasa mnaanza safari ya kurudishiana. Fungua simu inayopokea ujumbe wa till yako uhakikishe. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja usiutegemee, maana wa kughushi upo.

Baada ya hapo, tafuta ugonjwa wenyewe. Wengi hukimbilia kusema "sistimu iko chini", na ni kweli, kuna siku huwa iko chini. Lakini intaneti inayokuja na kupotea kila dakika chache, huku simu zilizo kwenye Wi-Fi ya ruta hiyo hiyo ziko sawa, sisi tungeshuku waya kwanza. Ule waya wa nyuma ya kaunta umekanyagwa, umebanwa na mlango, umekunjwa, na kile kiklipu cha plastiki kichwani kilivunjika kitambo. Bila kiklipu, kichwa kinalegea kila mtu akiguza meza.

Angalia taa iliyo kwenye tundu la waya. Kumetameta ni kawaida. Ikizima kabisa halafu iwake tena, muunganisho umekatika. Chomeka waya mwingine unaojua ni mzima. Bado? Rudisha ule wa kwanza, ujaribu tundu lingine la ruta. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Ndani ya waya huo mna nyuzi 8. Kasi ya megabiti 100 hutumia 4 tu, ya 1,000 hutumia zote, kwa hivyo uzi mmoja ukikatika kompyuta inaweza kuendelea kufanya kazi, lakini polepole. Waya ukipita mita 100 nao huanza kusumbua, na ukifungwa pamoja na nyaya za stima za friji unaweza kuvuruga mawasiliano.

Kipimo tunachokipenda zaidi ni cha bure. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika ping, kisha anwani ya ruta (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1), halafu -t. Iache dakika kumi. Majibu yakikatika-katika, shida iko hapo hapo dukani: waya, tundu, au ruta yenyewe. Ruta ikijibu bila kukosa na intaneti bado inapotea, sasa mpigie anayekuuzia intaneti, umpe saa kamili zilipokatika. Fundi akija, mwonyeshe waya na ruta. PIN yako haimhusu.