Kina cha bahari kisisingiziwe

Kila mazungumzo ya gesi ya bahari kuu ya Tanzania yanapokwama, sababu inayotajwa kwanza ni kina. Visima vya Kitalu namba 2, kiasi cha kilomita 100 kutoka pwani ya Lindi, vimechimbwa kwenye maji ya takriban mita 2,500. Asiye mhandisi huona hilo latosha kueleza kwa nini gesi iliyogunduliwa Zafarani mwaka 2012 haijauzwa. Halitoshi.

Ushahidi uko Norwei. Gesi ya Ormen Lange iligunduliwa mwaka 1997 mahali penye kila aina ya balaa. Maji yana kina cha kati ya mita 800 na 1,100. Sakafu ya bahari ni kovu la maporomoko makubwa ya Storegga, yaliyotokea zaidi ya miaka 8,000 iliyopita, hivyo imejaa vilima na miteremko mikali. Baridi ya chini huteremka chini ya nyuzi sifuri, na ni chumvi tu inayozuia maji yasigande. Gesi ikitoka kisimani pamoja na maji katika baridi hiyo, hufanya donge kama barafu na kuziba bomba.

Wahandisi hawakujenga jukwaa lolote juu ya maji. Vichwa vya visima viliwekwa kwenye fremu za chuma sakafuni, na vali zake hufunguliwa na kufungwa kwa kebo kutoka kituo cha Nyhamna, kilomita 120 mbali. Glaikoli husukumwa kwa mabomba membamba hadi visimani, huchanganyika na gesi ili isigande, hurudi nayo pwani, husafishwa na kutumwa tena. Septemba 2007, miaka kumi baada ya ugunduzi, gesi ilianza kutoka. Shinikizo lilipopungua, kompresa nazo zilipelekwa sakafuni na zikaanza kazi mwaka 2025, baada ya mradi mwingine wa nchi hiyo, Åsgard, kutangulia mwaka 2015.

Ugumu, basi, uko kwenye fedha. Katika mradi wa namna hii visima, fremu, kebo na mabomba hulipiwa karibu vyote kabla mita moja ya ujazo haijauzwa. Hakuna benki itakayotoa mabilioni hayo bila kumjua mnunuzi. Norwei ilikuwa na bomba la Langeled, la karibu kilomita 1,200 hadi Easington, na soko la Uingereza ambako gesi ya nyumbani ilikuwa ikipungua.

Msumbiji nayo ilianza na mnunuzi. Gesi ya Coral iligunduliwa mwaka 2012, mwaka ule ule wa Zafarani, kwenye maji ya karibu mita 2,000. Mwaka 2016 BP ilikubali kununua gesi yote ya kimiminika kwa miaka 20 na zaidi, mwaka 2017 uamuzi wa kujenga ukafanyika, na Novemba 2022 shehena ya kwanza ikaondoka. Tanzania, kwa upande wake, ilishuhudia Equinor ikifuta thamani ya dola milioni 982 za mradi wake vitabuni Januari 2021.

Wapo wanaoshauri kuiga Msumbiji kwa kila kitu, pamoja na mtambo wake unaoelea. Hoja yao ni ya muda, na ina uzito. Lakini gesi inayosindikwa baharini haifiki nchi kavu. Bomba la inchi 36 la Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, linategemea Mnazi Bay na Songo Songo, na mashapo hayo yana mwisho wake. Umeme na viwanda vya Dar es Salaam vitahitaji gesi nyingine, na mtambo wa Likong'o, Lindi, pamoja na ughali wake, ndio unaoweza kuileta pwani.

Kwa hiyo wajumbe wa serikali wangefanya vema kukamilisha jambo moja kabla ya mengine: gesi kiasi gani ibaki nchini, na kwa bei gani. Likiachwa hadi mnunuzi wa nje aandikiwe tani zake kwa miaka 20, gesi ya ziada itabidi itoke kwenye kisima kipya, na kisima cha mita 2,500 za maji hakichimbwi kwa bei ya Songo Songo.