Mkulima Ameomba Mbolea, Asipewe Jiwe Lisilopimwa



Limezuka neno katika mazungumzo ya kilimo ambalo halina budi kusemwa hadharani kabla halijafika kwetu likiwa limekwisha kuandikwa kwenye mikataba. Yasemwa kwamba jiwe likisagwa hata likawa unga, kisha unga huo ukamwagwa shambani, litarudisha rutuba iliyopotea, litapunguza tindikali ya udongo, na papo hapo litaiondoa angani ile hewa ya ukaa inayolipasha dunia joto. Wako wanaolisifu jambo hili kana kwamba ni dawa ya kila udongo. Wako pia wanaolicheka, wakisema tangu lini jiwe likawa chakula. Sisi hatumo katika kundi la wanaocheka, maana ukweli umo ndani yake. Lakini twasema wazi kwamba mkulima wa Same asikubali kulifanya shamba lake jaa la mawe ya watu wengine mpaka ajue ni jiwe gani, limepimwa na nani, na faida yake inaishia mfukoni mwa nani.

Tuanze na ukweli wenyewe. Mvua inaposhuka huchukua hewa ya ukaa na kuwa tindikali hafifu. Tindikali hiyo hulila jiwe polepole, na katika kuliwa huko jiwe huachia kalisi, magnesi na potasiamu, vitu ambavyo mmea huvihitaji. Ukaa nao hufungwa ndani ya maji, ukachukuliwa mtoni hadi baharini, na huko hukaa maelfu ya miaka. Kazi hii haikuanzishwa na mtaalamu yeyote. Ndiyo iliyowapa jirani zetu wa Kilimanjaro udongo wao, kwa kuwa mlima ule ni wa volkano na mawe yake ni machanga, yamejaa madini ambayo mvua haijayamaliza. Milima yetu ya Pare ni mingine kabisa. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na mawe yake ni ya kale mno. Mvua ya mamilioni ya miaka imekwisha kuyafua, na udongo wa juu ukachujwa utamu wake. Anayesaga jiwe la volkano na kulitia shambani anaiharakisha tu kazi ambayo kwa kawaida huchukua vizazi visivyohesabika.

Na si maneno matupu. Katika jimbo la Illinois huko Marekani, watafiti walimwaga unga wa basalti, jiwe la volkano, kwenye mashamba ya mahindi na soya kwa miaka minne, na katika taarifa yao ya mwaka 2024 wakaeleza kwamba mavuno yalipanda kwa asilimia 12 hadi 16. Mkulima yeyote atakayesikia habari hiyo atapenda kujua zaidi. Basi na ajue zaidi: walimwaga tani 50 kwa hekta moja, kila mwaka.

Hapo ndipo tunapowaomba wasomaji wachukue kalamu. Tani 50 kwa hekta ni kama tani 20 kwa ekari. Tani 20 ni mifuko 400 yenye uzito wa mfuko wa mbolea wa kilo 50. Huko Illinois kazi hiyo ilifanywa kwa trekta juu ya ardhi iliyonyooka kama meza. Je, kwa mama mwenye ekari moja ya mahindi na maharage Vudee au Chome, kwenye mteremko ambao hata punda huupanda kwa kusitasita, mifuko hiyo 400 itapandishwa na nani? Twajua jibu, maana twajua ni nani apandishaye kuni, maji na samadi katika milima hii. Mpango wowote ambao haukuhesabu vichwa na migongo ya wanawake haujahesabu kitu.

Iko na shida nyingine ambayo mawakala wa teknolojia hii hawapendi kuigusa. Jiwe haliliwi pasipo maji, wala unga wake hauna kazi kubwa mahali ambapo udongo hauna tindikali. Sasa tazameni wilaya yetu. Penye mvua ya kutosha na udongo uliochujwa ni juu, kuelekea Shengena, kilele kipitacho mita 2,400, na miteremko ya Mamba na Chome panapolimwa kahawa, migomba na tangawizi. Huko barabara ni mbaya. Penye barabara ya lami na reli ni tambarare ya Hedaru, Makanya na Same mjini, mahali ambapo mlima huizuia mvua, na mwaka ukiwa mbaya mahindi hukauka yakiwa hayajafika magotini. Huko udongo mara nyingi hauna tindikali ya kupunguzwa, na mahali pengine una magadi. Kwa lugha nyepesi, gari litafika kwa urahisi pale ambapo jiwe halihitajiki, na pale linapohitajika gari halifiki. Twaogopa sana mpango utakaopeleka mawe mahali gari linapofika, kwa sababu tu gari linafika.

Na tukiwa tumeitaja Makanya, haiwezekani tuipite kimya. Jasi huchimbwa pale miaka na miaka, ikapakiwa kwenye malori na kwenda kwenye viwanda vya saruji. Jasi si jiwe la aina ile ya basalti, na haiondoi hewa ya ukaa. Lakini kila mtaalamu wa udongo anajua kwamba ndiyo dawa ya kale ya udongo ulioharibiwa na magadi, ikitumiwa pamoja na maji ya kuusafisha na mifereji ya kuyatoa. Mabonde ya umwagiliaji katika nchi yetu yanazidi kupata chumvi na magadi, na jiwe linaloweza kuyasaidia linapita mbele ya milango yetu likielekea mjini kujenga maghorofa. Kabla ya kuahidiwa jiwe la mbali, ni haki tuulize kama la hapa nyumbani limewahi kuletwa shambani hata kwa majaribio.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa kuwa mawe haya hayaanzi safari kwa ajili ya mahindi yetu. Yanaanza kwa ajili ya ukaa. Makampuni makubwa duniani hununua hati za kuthibitisha kwamba hewa ya ukaa imeondolewa angani. Mwezi Desemba 2023 kampuni moja ya Marekani, Lithos, ilipata mkataba wa dola milioni 57.1 kwa tani 154,240 zitakazoondolewa kwa njia hii ya mawe, yaani dola zipatazo 370 kwa tani. Mwezi Aprili 2025 tuzo ya dola milioni 50 ilikwenda kwa Mati Carbon, inayomwaga unga wa basalti bure kwenye mashamba ya wakulima wadogo wa India. Kule Illinois hekta moja ilihesabiwa kuondoa tani kama 10 na nusu kwa miaka minne. Kwa ekari ni tani 4 na ushei, na kwa bei ile ya mwaka 2023 ni dola zaidi ya 1,500 kabla ya kutoa gharama, ambazo hakika si ndogo, maana kusaga na kusafirisha mawe kunakula dizeli na kunatoa moshi wake. Hata hivyo, mkulima anayeambiwa kwamba anapewa unga bure yampasa ajue kwamba shamba lake limekuwa kiwanda, na kiwanda kina mapato. Neno «bure» lisimfumbe macho.

Watu wa Upare wanapaswa kuwa wa mwisho kudanganyika katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 waliwekewa kodi ya kukadiriwa iliyoitwa mbiru. Malalamiko yao hayakuwa juu ya fedha tu, bali juu ya kipimo: nani aliyekadiria mali ya mtu, na kwa mizani gani? Januari 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani hadi hapa Same wakakaa mbele ya ofisi ya serikali, na huko Usangi wanawake nao walijitokeza. Kodi ile ilifutwa kabla ya mwongo huo kwisha. Leo ukaa unaodaiwa kuondoka shambani hauonekani kwa macho. Hupimwa katika maabara za mbali na kuandikwa kwa lugha ambayo mwenye shamba haisomi. Kama babu zetu walikataa kukadiriwa kuku na mbuzi wao pasipo kuonyeshwa mizani, sisi tutakubalije kukadiriwa hewa?

Tena si kila jiwe lifaalo. Yako mawe yenye nikeli na kromiamu nyingi, nayo hukaa katika udongo baada ya mwenye mradi kuondoka. Vumbi laini lenye silika likivutwa miaka mingi huharibu mapafu pasipo tiba. Ndugu zetu wanaoponda kokoto kwa nyundo kando ya barabara, wengi wao akina mama wenye watoto mgongoni, wako katika hatari hiyo hata leo bila kinga. Brazil iliingiza unga wa mawe katika sheria yake ya mbolea mwaka 2013, na mwaka 2016 ikaweka viwango: kiasi cha chini cha virutubisho, mwisho wa silika inayoruhusiwa, na ukomo wa aseniki, kadimi, zebaki na risasi. Hapa kwetu tunayo Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, tuna kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Hatukosi pa kuuliza.

Wala jiwe halina naitrojeni. Samadi, majani ya kunde, matuta na ndiva zetu havitaondolewa kazini na unga wowote. Twalisema hili kwa wale pia ambao kwao kilimo ni mfuko wa mbolea ya dukani pekee: bei zilipopanda mwaka 2021 na 2022, mwenye zizi na mwenye matuta hakuyumba kama mwenye mfuko. Lakini hata jambo jema likiletwa kwa amri huoza. Matuta ni mema, na bado watu wa Uluguru waliyakataa mwaka 1955, kwa kuwa yaliletwa na wakoloni kwa kulazimishwa. Msaragambo hufanikiwa kwa sababu watu wamekaa na kupatana kwanza.

Basi twadai hivi. Mradi wowote wa unga wa mawe upite kwenye mkutano wa kijiji, si kwa mwenyekiti peke yake wala kwa kiongozi wa kanisa. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, ukitaja jiwe limetoka wapi, limeonekana na nini maabara, nani mwenye hati ya ukaa, na mwenye shamba anapata shilingi ngapi kwa kila tani iliyouzwa. Majaribio yaanze kwenye vipande vidogo, kimoja chenye unga, kimoja chenye samadi, kimoja chenye vyote viwili, na mavuno yapimwe mbele ya wenye shamba.

Na kila jumuiya iweze kuanza mapema bila kumngoja mgeni yeyote. Kabla ya kutia samadi au mbolea, chukueni udongo wa sehemu zisizopungua kumi za shamba, kina cha kiganja na zaidi, uchanganyeni kwenye ndoo safi, ukausheni kivulini, kisha nusu kilo yake muitie katika mfuko wenye jina la kijiji na zao lililolimwa. Kituo cha utafiti wa udongo kipo Mlingano, Muheza, na parokia kadhaa zikichanga nauli, mtu mmoja anaweza kupeleka mifuko ya vijiji vingi kwa safari moja.