Akipata, Asipopata: Masharti Yaanze kwa Kiswahili

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu, naomba nikiri kosa langu kwanza, kulalamika baadaye.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya ufundishaji nilipewa kidato cha tatu, somo la kompyuta. Mada ilikuwa kauli za masharti. Nikaandika ubaoni programu fupi ya Python ya kupanga madaraja ya kidato cha nne, yale tunayoyajua wote: A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Wanafunzi wakanakili, kipindi kikaisha.

Kesho yake binti mmoja akaniletea daftari. "Madam, yangu inampa D mtu mwenye 82." Nikaangalia. Maneno yako sahihi, nukta mbili zipo, kompyuta yenyewe haikulalamika. Nikamwambia anakili upya kama ilivyokuwa ubaoni. Akasema, "Sawa, madam," akaondoka.

Ukweli ni kwamba sikujua. Programu ile niliikuta kwenye madesa, nikaikariri pale kwenye vimbweta, nikaenda kuijaza kwenye mtihani, nikafaulu.

Jibu nililipata usiku. Binti alianzia chini: sharti lake la kwanza lilikuwa 30 au zaidi. Kompyuta inasoma kutoka juu kwenda chini. Ikikuta sharti la kwanza lililo kweli, inatekeleza hapo hapo na kuruka yote yaliyobaki. 82 ni zaidi ya 30, basi D. Kwenye A haifiki kabisa. Na kama angeandika if kila mstari badala ya elif, mtu huyo huyo angepewa D, C, B na A kwa mpigo!

Sasa hoja yangu. Kilichotushinda mimi na yule binti si Python. Hakuna aliyetufundisha kuyafikiri masharti kwa lugha tunayofikiria nayo. Kiswahili kinayabeba ndani ya kitenzi: akipata, asipopata. Mtoto aliyetumwa, "Nenda kwa Mangi ukalete sukari, ukikosa, jaribu duka la pili, na huko ukikosa, rudi na hela," tayari ameendesha if, elif na else kwa miguu yake. Na anajua kabisa kwamba akiipata kwa Mangi, duka la pili haendi.

Wapo watakaosema mtihani uko kwa Kiingereza na programu ziko kwa Kiingereza. Ni kweli. Lakini hapa maneno ya Kiingereza ni matatu tu, yanakaririwa kwa dakika moja. Kuamua uanze na 75 au na 30 si Kiingereza, ni kufikiri. Tukishafikiri, hayo matatu tutayaweka mahali pake.

Kwa hiyo naomba semina zetu za mbinu za kufundishia zibadilike. Kabla ya kugusa kompyuta, mwanafunzi aseme masharti yake kwa Kiswahili, ayachore kama matawi, kisha darasa liwe kompyuta. Watano wasimame kwa mstari, kila mmoja ameshika sharti lake kwenye karatasi. Wa sita apite na alama zake, akiuliza mmoja mmoja hadi apokelewe. Mpitisheni mwenye 75, kisha mwenye 74, kisha mwenye wastani wa 74.5. Hapo ndipo aliyeandika "65 hadi 74" na "75 hadi 100" atashangaa: 74.5 haiingii popote, inaporomoka hadi else, mtu anapata F. Kwenye shule yenye kompyuta chache na darasa limejaa, zoezi hili linahitaji chaki na karatasi tu.

Nililifanya kipindi kilichofuata. Nilianza kwa kumwambia yule binti mbele ya wenzake kwamba jana nilimjibu bila kujua. Nilitegemea wacheke. Wakanyamaza, halafu yeye akaomba ashike karatasi ya 30, akaenda kusimama wa nne.

Mwaka huu wengi wetu tunakwenda tena. Ukikuta programu kwenye desa, iulize kwanza kwa nini A iko juu. Usipoiuliza wewe, utaulizwa na mtoto.