Jibu Lililobaki Kitabuni

Mama anayepewa pakiti ya dawa ya maji ya chumvichumvi kwa ajili ya mtoto anayeharisha huuliza swali la haki: "Daktari, nikiongeza sukari kidogo ili ayapende, kuna ubaya gani?"

Jibu limo katika vitabu vya biolojia na kemia vya mwaka wa kwanza. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba glukosi na sodiamu huingia kwa pamoja katika seli za utumbo mwembamba. Vikipita, maji huvifuata. Ndiyo maana fomula iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002 ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa kila lita ya maji, pamoja na chumvi nyingine mbili. Sukari ikizidi, huyavuta maji ya mwili yarudi utumboni, na mtoto huzidi kuharisha.

Mwanafunzi wetu ameyasoma haya kwa Kiingereza na kuyafanyia mtihani, akafaulu. Hata hivyo, aulizwapo na mama, mara nyingi hujibu, "Wewe fuata maelekezo tu, mama." Elimu anayo, ila hajapata kuitamka kwa lugha ya anayemuuliza. Naye mama, asiyepewa sababu, akifika nyumbani huongeza sukari.

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kuchapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Majina ya vitu tunayo. Tulichopungukiwa ni maelezo.

Sidai kwamba Kiingereza kiondolewe, kwa kuwa tabibu hana budi kusoma tafiti za ulimwengu. Naomba jambo dogo: kila kitabu kinachotungwa kwa ajili ya vyuo vyetu kifunge kila sura kwa aya moja ya Kiswahili, inayoeleza maana ya sura hiyo kwa mgonjwa. Na aya hiyo iulizwe katika mtihani, kwani kisichoulizwa hakisomwi.

Nawe mama, usiache kuuliza. Kwa leo, changanya pakiti nzima katika kipimo cha maji safi kilichoandikwa juu yake, wala usiongeze sukari wala chumvi.