Kabla ya Kumpa Mwana Jezi

Wazazi wa Ngara na Biharamulo, nanyi vijana mnaofukuzana na mpira kila jioni pale Kabanga, Rulenge, Nyakahura na Nyakanazi, leo nina neno moja nanyi. Kipaji cha mguu ni mali ya kweli, lakini hakuna mali ya ujana inayokwisha upesi kama hiyo. Anayemshawishi mtoto aache darasa afuate mpira anamdhulumu, hata kama anafanya hivyo kwa mapenzi.

Ushahidi wangu nautoa mbali, katika mchezo ambao huku kwetu hauchezwi. Katika futiboli ya Kimarekani mpira una umbo la yai, na yupo mchezaji ambaye kazi yake ni kukabidhiwa mpira huo mkononi na kupasua nao katikati ya wanaume waliojipanga kumwangusha. Mwaka 1989 aliyeishinda ligi nzima kwa kazi hiyo alikuwa Mwafrika mwenzetu, Christian Okoye, mzaliwa wa Enugu nchini Nigeria, akiichezea Kansas City Chiefs. Msimu ule alikimbia na mpira mara 370, akapata yadi 1,480. Washabiki huzikumbuka yadi. Mimi nawasihi mzifikirie zile mara 370, kwa kuwa karibu kila moja iliishia kwa watu wazito kumvamia mwilini. Naye hakuwa mtu mdogo; alikaribia kilo 118. Uzito huo haukumwokoa. Magoti yalimshinda, na baada ya misimu 6 tu akawa amestaafu, katika umri ambao mwalimu au daktari ndiyo kwanza anaizoea kazi yake.

Lakini tazameni alivyofika huko. Okoye alikwenda California kusoma, katika Chuo Kikuu cha Azusa Pacific, akiwa mrusha kisahani. Mchezo uliompa jina alijifunzia chuoni, akiwa mtu mzima. Na ligi ile haimpokei kijana kabla ya miaka 3 kupita tangu amalize sekondari, kwa hiyo karibu wote hupitia chuo kikuu kwanza. Sisemi kwamba Wamarekani wana huruma kuliko sisi. Vyuo vyao huvuna fedha nyingi kwa jasho la vijana hao, na wapo wanaotoka humo bila elimu ya maana. Hata hivyo njia ya kwenda uwanjani inapita shuleni, na goti likivunjika kijana hujikuta bado yuko karibu na kitabu.

Wazee wa Kagera mnaokumbuka vita vya 1978 mtaelewa upesi mfano wa pili. Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, alikamatwa na watu wa Idi Amin mahakamani Kampala mwaka 1972, akauawa. Mjukuu wake, Mathias Kiwanuka, alizaliwa Indianapolis, akasoma Boston College, na mwaka 2006 akachukuliwa na New York Giants kuwa mlinzi, yaani mmoja wa wale wanaowaangusha wenye mpira. Mwaka 2007 alivunjika mguu, timu yake ikatwaa ubingwa yeye akiuguza jeraha. Mwaka 2010 shingo ikamtoa tena uwanjani. Alipona, akashinda fainali ya Februari 2012, na mwaka 2015 timu ikamwacha. Huyo ni miongoni mwa waliobahatika mno, naye alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu tu.

Yupo na Mnaijeria mwingine ambaye ningependa vijana wetu wamjue. Daktari Bennet Omalu alikuwa Pittsburgh mwaka 2002 alipouchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji wa zamani wa mchezo huohuo, akaona humo madhara ambayo wenye ligi hawakutaka yasemwe. Walimpinga kwa miaka. Leo hakuna mzazi Marekani anayemruhusu mwanawe kucheza bila kulisikia jambo hilo. Okoye aliwashangaza kwa miguu na Omalu aliwalazimisha kufikiri. Na kazi ya Omalu haikusimama kwa sababu ya goti.

Sasa turudi nyumbani. Kwenye ndondo zetu kijana hupigania mbuzi, hukanyagwa, hubebwa kwa bodaboda akiwa analia, na wiki inayofuata jezi yake imevaliwa na mwingine. Bima hana. Cheti hana, kwa sababu kidato cha pili aliambiwa kwamba yeye ni wa Simba au Yanga. Mtaniambia: mbona Mbwana Samatta alifika Genk hadi Aston Villa? Amefika, na namheshimu kwa dhati. Lakini wazazi, msimpangie mtoto maisha kwa hesabu ya mtu mmoja katika taifa zima.

Sipingi michezo. Nataka mtoto wa Murgwanza acheze UMISSETA na afanye mtihani wake, na mwalimu wa michezo aone aibu kumbakiza kambini siku ya jaribio la hisabati. Nataka halmashauri zetu mbili, zinapotenga fedha za kombe, zitenge kwanza fedha za matibabu ya wachezaji. Aliyekwisha kuacha shule apelekwe VETA asubuhi, jioni acheze.

Na akija wakala nyumbani kwako, mama, akasema anamchukua mwanao Mwanza au Dar es Salaam kwenye majaribio, mpe kiti na maji ya kunywa, kisha mwulize: atasoma wapi, atatibiwa na nani akiumia, atalipwa nini na kwa muda gani. Majibu yaandikwe, yasainiwe mbele ya mtendaji wa kata, nakala ibaki kwako. Akikataa kuandika, mwana asiondoke.